Maswali ya Wasomaji: Imani Yetu Inapofungwa Kwenye Kiti cha Mtawala

Tangu niandike, katika toleo lililopita, juu ya wanasiasa wanaoomba kura kwa jina la Mungu, barua zimefika kwa wingi, na nyingi kati yake zimeandikwa na waumini wenye uchungu, si na watu wanaoichukia dini. Nimechagua sita. Majina na mahali nimeyaondoa, kwa sababu walioandika wanaendelea kuishi na kuabudu pamoja na watu wanaowalalamikia.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mama mtu mzima na nimekuwa muumini tangu utotoni. Kila uchaguzi unapokaribia, viongozi wa siasa hufika katika nyumba yetu ya ibada, hupiga magoti pamoja nasi, na wengine hububujikwa na machozi. Safari hii kiongozi wetu wa ibada alitangaza kwamba mmoja wao ni chaguo la Mungu, na kwamba anayempinga anashindana na Mungu. Nilipouliza amefanya nini katika miaka aliyokaa madarakani, niliambiwa kwamba moyo wangu umekuwa mgumu. Je, kumtilia shaka kiongozi wa namna hiyo ni dhambi? Na nitajuaje kwamba natumiwa?

JIBU: Mama, kwanza nikutue mzigo huo. Kuuliza kiongozi amefanya nini si dhambi katika dini yoyote ninayoijua. Nadhani uliambiwa hivyo kwa sababu swali lako ndilo hasa lililokuwa likizuiwa. Shughuli nzima, tangu kupiga magoti hadi tangazo la mwisho, ilipangwa ili mambo mawili yafungwe fundo moja: mapenzi yako kwa Mungu, na kuendelea kwa mtu huyo madarakani. Yakishafungwa pamoja, huwezi kulikataa la pili bila kuonekana umelikataa la kwanza. Huo ndio ufundi wenyewe, na karibu kila hila ya aina hii niliyowahi kuisoma inarudi hapo hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Pakistan. Jenerali Zia-ul-Haq alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi mwezi Julai 1977, akaahidi uchaguzi ndani ya siku 90, na uchaguzi huo haukufanyika. Miaka saba baadaye, tarehe 19 Desemba 1984, aliitisha kura ya maoni ambayo haikuwauliza wananchi kama wanamtaka. Iliwauliza kama wanaunga mkono hatua alizozianzisha za kuzilinganisha sheria za nchi na mafundisho ya Uislamu, na ilielezwa kwamba jibu la ndiyo litamaanisha kuwa jenerali amechaguliwa kuwa rais kwa miaka mitano mingine. Fikiria hali ya muumini aliyesimama mbele ya karatasi ile. Aliipenda dini yake kama wewe unavyoipenda yako, na mkono wake ulisita kuweka alama ya hapana mahali palipotajwa dini. Lakini huenda pia hakutaka kutawaliwa na mwanajeshi aliyevunja ahadi. Karatasi haikumpa nafasi ya kuyasema yote mawili. Matokeo rasmi yalitangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walijibu ndiyo.

Vitabu vitakatifu vyenyewe vinaifahamu hila hii, ingawa ni nadra kusikia sehemu hizo zikisomwa mbele ya mgeni rasmi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Nabothi, naye Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hatumi askari wa kulipora. Anaandika barua na kuzipiga muhuri wa mfalme, anaamuru ipigwe mbiu ya kufunga, Nabothi aketishwe mbele ya watu, na mashahidi wa uongo wadai kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Nabothi anapigwa mawe, shamba linachukuliwa, na unyang'anyi wote unapita kama tendo la uchaji. Angalia kwamba katika shtaka lile Mungu na mfalme wamewekwa pamoja, kana kwamba kumkosea mmoja ni kumkosea mwingine. Nayo Qurani, sura ya 40, aya ya 26, inatueleza sababu aliyoitoa Firauni alipotaka kumuua Musa: kwamba anachelea asije akawabadilishia watu dini yao. Mtesaji wa umma mzima alijitokeza mbele ya watu akiwa mlinzi wa dini.

Utazame pia wakati. Uchaji wa kiongozi ukiongezeka ghafla, uliza ni jambo gani jingine limetokea katika siku hizo. Jaafar Nimeiri wa Sudan aliingia madarakani mwaka 1969 akiungwa mkono na watu wa mrengo wa kushoto, na kwa miaka mingi hakujulikana kwa kuhimiza sheria ya dini. Alizitangaza sheria zake za Kiislamu za Septemba 1983 wakati madeni yalikuwa yameielemea nchi, na miezi michache baada ya yeye mwenyewe kuuvunja mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972, ambao ulikuwa umeleta amani kati ya Kaskazini na Kusini. Mahmoud Mohammed Taha, mwanafikra wa Kiislamu ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 70, alizipinga sheria hizo kwa hoja za dini yenyewe. Alihukumiwa kuwa ameritadi, akanyongwa tarehe 18 Januari 1985. Hazikutimia siku 80 Nimeiri naye akaondolewa madarakani. Kila ninapokirudia kisa hiki huumia, kwa sababu mzee yule aliuawa kwa jina la kile alichokipenda kuliko wote waliomhukumu.

Sasa utajuaje? Ningekushauri ulifungue fundo hilo kwa sauti, na kwa adabu. Sema kwamba katika kumpenda Mungu nyote mmekubaliana, na sasa unaomba kusikia habari za shule, za zahanati na za fedha za umma. Mtu mwenye nia safi atajibu, hata kama jibu lake litamwaibisha. Anayekutumia ataikwepa hoja na kurudi kwenye imani yako: atasema una mashaka, au atamtaja adui wa dini ambaye wewe hukumtaja. Machozi yake siwezi kuyapima, wala wewe huwezi, na hatuna haja ya kufanya hivyo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Je, viongozi hawa huamini wanachokisema, au wote ni wanafiki? Na kwa nini hata watu waliosoma sana hunaswa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yaliyomo moyoni mwa mtu anayajua Mungu, nami sitajitwika kazi hiyo. Lakini historia inathibitisha jambo moja bila shaka: mtawala hahitaji kuwa na imani ndipo aitumie imani ya watu. Joseph Stalin aliongoza dola iliyoipiga vita dini waziwazi. Serikali yake ililibomoa Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow mwaka 1931, na mapadri wengi mno waliuawa au kupelekwa kambini. Wajerumani walipovamia na vita vikawa vya kufa na kupona, aliwaita maaskofu wakuu watatu katika Ikulu ya Kremlin, usiku wa tarehe 4 Septemba 1943, na siku nne baadaye Kanisa la Orthodox la Urusi likamchagua Patriaki, yaani mkuu wake, ambaye lilikuwa limenyimwa kwa miaka mingi. Saddam Hussein, ambaye chama chake cha Baath hakikujengwa juu ya dini, aliagiza mwezi Januari 1991, vita vya Ghuba vikiwa vinabisha hodi, kwamba maneno "Allahu Akbar" yawekwe katika bendera ya Irak.

Wapo pia waliobadili lugha ya dini kulingana na watu waliosimama mbele yao. Napoleon Bonaparte aliposhuka Misri mwaka 1798 aliwatangazia wenyeji kwamba anamheshimu Mtume na Qurani. Miaka mitatu baadaye alikuwa akitia saini mapatano na Papa Pius wa Saba, na mwaka 1806 katekisimu iliyofundishwa kwa watoto wa Ufaransa iliwaonya kwamba wasiotimiza wajibu wao kwa Kaizari wanastahili adhabu ya milele. Papa yule yule alikamatwa na askari wa Napoleon mwaka 1809. Naye Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, mtawala Mkristo, alisimama Damascus mwaka 1898 na kujitangaza rafiki wa Waislamu milioni 300 duniani. Ilipofika Novemba 1914, mshirika wake Sultani wa Uturuki alitangaza jihadi ambayo Ujerumani ilikuwa imeihimiza, kwa matumaini kwamba Waislamu waliokuwa chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi wangeasi. Waislamu hao walikuwa wakiitwa wafe kwa ajili ya mipango iliyochorwa Berlin, na hakuna aliyewaeleza hivyo.

Usikimbilie kudhani, hata hivyo, kwamba mtawala mkweli ndiye salama. James wa Kwanza wa Uingereza aliliambia Bunge mwaka 1610 kwamba ni haki wafalme kuitwa miungu, nami sioni sababu ya kudhani kuwa alikuwa akiigiza. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba Mungu amemteua haoni kwa nini ashauriwe, kwa nini akaguliwe, wala kwa nini aondoke. Mimi namwogopa huyo zaidi ya mnafiki, kwa maana mnafiki angalau anajua uongo wake umelala wapi.

Kuhusu wasomi, suala hilo ni la kale. Katika karne ya sita kabla ya Kristo, Peisistratos, aliyekuwa amefukuzwa Athene, alimvisha mwanamke mmoja mrefu mavazi ya vita, akampandisha garini, na wapiga mbiu wakatangulia wakitangaza kwamba mungu wa kike Athena mwenyewe anamrejesha mtawala mjini. Watu walimpokea. Mwanahistoria Herodotus, aliyekiandika kisa hicho, alistaajabu kwamba hila nyepesi namna hiyo iliwapata Waathene, waliosifika kwa werevu kuliko Wagiriki wengine. Nafikiri mshangao wake unatoweka tukikumbuka kwamba hila hii haielekezwi kwenye akili. Inaelekezwa mahali ambapo tumezoea kuamini bila kudai uthibitisho: sala tulizofundishwa na wazazi, nyimbo tulizoimba tukiwa wadogo, faraja tuliyoipata msibani. Hayo ni mambo mema. Msomi anayo kama asiyesoma, na kwa kuwa anajiona hawezi kudanganyika, mara nyingi huyaacha bila mlinzi. Ongeza juu yake hofu ya kutengwa: kumpinga kiongozi aliyetawazwa na jamii yako ya waumini ni kuhatarisha watu watakaokuzika. Shahada haimwondolei mtu hofu hiyo.

SWALI: Mwandishi, maandiko yanaamuru tuwatii wenye mamlaka. Warumi 13 inasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na Qurani 4:59 inaagiza kuwatii wenye madaraka juu yetu. Huoni kwamba unafundisha uasi?

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza wazi, kwa kuwa aya hizo mbili ndizo zilizotumika kuwanyamazisha waumini wengi kuliko nyingine. Ninaloomba ni zisomwe hadi mwisho. Mstari wa nne wa sura hiyo ya Warumi unamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako; hapo pamewekwa kipimo, nacho kinampima yeye. Na aya ya 59 inaendelea kusema kwamba mkigombana katika jambo, lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume, maneno ambayo yasingekuwa na kazi kama kila amri ya mtawala ingekuwa ya mwisho. Wafasiri wamebainisha pia kwamba katika Kiarabu agizo la kutii limerudiwa kwa Mtume, lakini halikurudiwa kwa wenye mamlaka: utiifu wao unategemea ule uliotangulia. Ndiyo sababu Waislamu husema kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, Petro na wenzake wanaliambia baraza kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

Jambo hili lilipiganiwa kwa uzito wa pekee nchini Afrika Kusini. Wanatheolojia wa makanisa ya Reformed ya Wazungu, yenye asili ya Kiholanzi, waliupa ubaguzi wa rangi msingi wa Biblia, na waliohoji waliambiwa habari za Warumi 13. Beyers Naudé, mchungaji Kaburu aliyelelewa ndani ya mafundisho hayo, aliyakataa, akaacha kazi yake ya uchungaji mwaka 1963, na mwaka 1977 serikali ikampiga marufuku ya kushiriki mikutano na kunukuliwa. Mwaka 1982, mjini Ottawa, Muungano wa Makanisa ya Reformed Duniani uliitangaza theolojia ya ubaguzi wa rangi kuwa ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu. Miaka mitatu baadaye kundi la wanatheolojia wa nchi hiyo lilitoa waraka uitwao Kairos, ulioipa hila hii jina: theolojia ya dola. Waraka ulieleza kwamba Paulo hakuwa akimhalalisha kila dhalimu, ukawakumbusha wasomaji kwamba Biblia hiyo hiyo, katika Ufunuo 13, inalichora dola lililogeuka kuwa mnyama anayelitumikia joka. Yeyote anayesoma sura ya 13 ya kitabu kimoja na kuificha sura ya 13 ya kingine amechagua kwa ajili ya mtu fulani.

Ama kuhusu uasi, mtazame Ahmad ibn Hanbal. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru wanazuoni wapimwe, na kila mmoja akiri fundisho la mtawala kwamba Qurani imeumbwa. Wengi walikiri kwa hofu. Ahmad alikataa, akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa mijeledi. Hakushika upanga wala hakuwaita watu waingie barabarani. Alikataa tu kuliita neno la mtawala neno la Mungu. Mimi sikuombi zaidi ya hilo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhudumu wa nyumba ya ibada ambayo ujenzi wake umekwama kwa miaka mingi. Mgombea mmoja yuko tayari kutuwekea paa. Anachoomba ni dakika tano za kuwasalimu waumini baada ya ibada. Wazee wa kamati wanasema Mungu hutumia mkono wowote. Nifanyeje?

JIBU: Mtumishi wa Mungu, najua uzito wa mvua kuwanyeshea watu wakiwa katika sala, na sitakujibu kana kwamba paa ni jambo dogo. Hata hivyo usimpe dakika hizo tano. Yeye hanunui muda, kwa maana muda angeupata bila gharama uwanjani. Ananunua imani ambayo watu wako wameiweka kwako kwa miaka yote uliyowazika wafu wao na kuwafungisha ndoa, na hiyo si mali ya kamati ya ujenzi.

Kumbuka kilichompata nabii Amosi alipohubiri Betheli. Kuhani Amazia alimfukuza, na sababu aliyoitoa, katika sura ya 7, ni kwamba mahali pale ni patakatifu pa mfalme. Hakusema pa Mungu. Ujerumani nayo ilifika huko kwa hatua zilizoonekana za kawaida. Mwezi Julai 1933 palikuwa na uchaguzi wa ndani wa Kanisa la Kiprotestanti. Adolf Hitler alizungumza redioni siku moja kabla ya kura, akilipigia debe kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani, lililowaunga mkono Wanazi, nalo likashinda kwa wingi mkubwa. Mwezi Septemba mtu wa Hitler, Ludwig Müller, akawa Askofu wa Dola, na mapambano yaliyofuata yalihusu kuwafukuza wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Wachungaji na waumini waliokutana Barmen mwezi Mei 1934 walitamka kwamba Kanisa haliwezi kuyakubali matukio, mamlaka au watu wengine kuwa ufunuo wa Mungu kando ya neno lake. Dietrich Bonhoeffer, mmoja wa waliosimama upande huo, alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Hapakuwa na siku moja ambayo Kanisa liliombwa likabidhi kila kitu. Liliombwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo mkaribishe mgombea aje aabudu, aketi palipo na nafasi, atoe sadaka yake katika chombo kile kile na bila kutangazwa. Akitaka kuzungumza na waumini, aje siku isiyo ya ibada, pamoja na wagombea wenzake, na waumini wawe ndio wenye maswali. Akiondoka na paa lake baada ya kusikia masharti hayo, atakuwa ameijibu kamati yako.

SWALI: Mimi ni kijana ninayejiandaa kugombea. Wapinzani wangu wanatumia dini bila haya, na nisipofanya hivyo nitashindwa kabla ya kuanza. Nia yangu ni njema. Kuna ubaya gani nikiutumia moto huo huo kisha nikauzima nikishapata madaraka?

JIBU: Mwanangu, nimeisoma barua yako mara kadhaa kwa sababu naamini kweli nia yako ni njema, na nia njema ndiyo inayonitia hofu. Soma habari za S. W. R. D. Bandaranaike wa Sri Lanka, nchi iliyokuwa ikiitwa Ceylon. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, aliyesoma Oxford. Mwaka 1956, Wabudha walipokuwa wakiadhimisha miaka 2500 ya Budha, alifanya kampeni akibebwa na watawa wa Kibudha waliozunguka nchi kumnadi, akiahidi kwamba Kisinhala pekee kitakuwa lugha rasmi. Alishinda, na sheria ikapitishwa mwaka huo huo. Watamil, ambao wengi wao ni Wahindu, walijikuta wageni katika ofisi za nchi yao.

Ndipo alipojaribu kuuzima moto. Mwaka 1957 alitia saini mapatano na kiongozi wa Watamil, S. J. V. Chelvanayakam. Mwezi Aprili 1958 watawa waliketi nje ya makazi yake wakipinga, hawakuondoka hadi alipoyafuta, na ghasia zilizofuata mwezi Mei ziliua mamia ya watu. Tarehe 25 Septemba 1959 mtawa wa Kibudha alifika nyumbani kwake; Bandaranaike aliinama kumsalimu kwa heshima inayostahili vazi lile, na mtawa akampiga risasi. Alifariki siku iliyofuata. Mwaka 1983 nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu hadi 2009.

Uliwahi kujiuliza kwa nini hakuweza kuuzima? Kwa sababu aliowaita kwa jina la imani hawakuwa na deni kwake. Kwa mtazamo wao yeye ndiye aliyekuwa na deni kwa imani. Mapatano katika siasa hujengwa kwa kupunguziana, na jambo ukishalifanya takatifu halipunguziki tena. Unaweza kumtaja Mungu, ukiwa muumini, unapoeleza kwa nini unachukia dhuluma. Martin Luther King alifanya hivyo maisha yake yote, na aliyemsikiliza aliweza kumpinga kwa hoja bila kuitwa kafiri. Mpaka uko hapo. Kama ukishindwa uchaguzi kwa kuuheshimu, utakuwa umeshindwa uchaguzi, nao utarudi tena baada ya miaka michache.

SWALI: Je, kuna mahali ambapo waumini wenyewe walikataa kutumiwa, au tunajifariji tu?

JIBU: Wapo, ndugu msomaji. Nchini India, BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, kilipata viti viwili tu bungeni mwaka 1984. Baada ya kuikumbatia ajenda ya kujenga hekalu la Rama mahali uliposimama msikiti wa Babri huko Ayodhya, kilipata 85 mwaka 1989. Msikiti ulibomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992, na watu wapatao 2000, wengi wao Waislamu, walikufa katika ghasia zilizofuata. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi, wa chama hicho, aliongoza sherehe za kulizindua hekalu, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Kura zilipohesabiwa mwezi Juni, chama chake kilipoteza jimbo la Faizabad, ambamo Ayodhya yenyewe imo. Wahindu wengi wa jimbo hilo waliendelea kusali hekaluni, na hawakuona kwamba sala hiyo inawadai kura.

Zambia inanigusa zaidi, kwa sababu kule hata viongozi wa dini walisimama. Frederick Chiluba aliitangaza nchi hiyo kuwa taifa la Kikristo tarehe 29 Desemba 1991, miezi miwili hivi baada ya kuapishwa, na tamko hilo likaingizwa katika utangulizi wa katiba mwaka 1996. Wakristo wengi walilifurahia kwa dhati. Mwaka 2001 wafuasi wake walipoanza kudai aongezewe muhula wa tatu, kinyume cha katiba, maaskofu wa Kikatoliki, baraza la makanisa na umoja wa makanisa ya kiinjili waliungana na mawakili na jumuiya za wanawake wakaunda jukwaa lililoitwa Oasis. Walitangaza msimamo wao makanisani, watu wakavaa vitambaa vya kijani, na madereva wakapiga honi siku za Ijumaa kuonyesha kwamba hawakubali. Mwezi Mei Chiluba alitangaza kuwa hatagombea. Tamko la taifa la Kikristo lilibaki katika katiba, na mwezi Desemba mwaka huo Wazambia walipiga kura kwenye karatasi isiyokuwa na jina lake.